Hodi ya Spika Haina Mgeni

Hodi ya spika haina mgeni. Methali hiyo nimeitunga mimi, kwa kichwa changu mwenyewe, nikiwa nimeshiba na sina shida na mtu. Msiitafute kwenye kitabu cha Kiswahili cha kidato cha pili, hamtaiona. Mimi nilikisoma chote mpaka jalada. Na jueni kabisa kwamba tangu nizaliwe sijawahi kukaa peke yangu hata jioni moja. Watu kama mimi hatuachwi.

Hayo niliwaambia Hasnati na mdogo wake Fikiri, watoto wa chumba cha jirani, walipokuja kwangu kutazama filamu wakalalamika kwamba runinga yangu inanong'ona. Walitaka niongeze sauti, nami nikawajibu kwa methali. Wakataka kujua imetoka wapi. Nikawaambia wasogee, ila wasinizibie mlango, maana kiti changu kinatazama mlango na runinga naitazama kwa kupinda shingo. Bi Somoe, mwenye nyumba wetu, alikuwa barazani akibangua korosho. Nikamwambia na yeye asikilize akipenda, elimu leo ni ya bure. Akaendelea kubangua.

Basi, methali ilianza hivi.

Palikuwa na kijana mmoja hapahapa Masasi, jina lake limenitoka. Aliishi chumba kimoja na rafiki yake aitwaye Limbende. Walikuwa na runinga ndogo na kiti kimoja. Kijana alikaa kitini, Limbende alikaa kitandani nyuma yake, na kutoka huko nyuma zilikuja sauti za kila aina. Alitafuna korosho za kukaanga kama panya aliyeajiriwa. Alimwonya shujaa wa filamu asiingie mle ndani, shujaa akaingia, Limbende akamtukana. Mwanamke akilia kwenye filamu, na yeye anavuta kamasi. Halafu dakika za mwisho mwisho anasema, "Huyo mjomba ndiye muuaji," na kweli anakuwa ndiye.

Msimu mmoja korosho zikapata bei. Kijana akanunua runinga pana, amplifaya, na spika mbili za mbele. Ikawa sauti nzuri inatoka mbele, na nyuma yuko Limbende. Siku moja filamu ikiwa katikati, kijana akageuka.

"Limbende, wenye sinema zao nyumbani huweka spika nyuma. Mimi nyuma nimewekewa wewe."

Limbende akaacha kutafuna. "Basi kaweke spika," akasema. Akakusanya nguo zake, akahamia kwa shangazi yake upande wa pili wa mji. Kila mmoja akamfungia mwenzake namba ya simu, wakawa wamemalizana kisasa.

Kijana akaenda sokoni, dukani kwa Mama Tekla, kutafuta spika za nyuma. Akaanza kupapasa zile ndefu kama makabati.

"Hizo za nini?" Mama Tekla akamuuliza. "Spika ya nyuma haina kazi nzito. Kazi yake mvua, nyayo, mlango kugongwa. Besi wamebeba wenzake wa mbele. Chukua hizi ndogo, bei yake haiumi. Angalia tu om zake, zile namba zilizoandikwa mgongoni, zikubaliane na amplifaya yako, na uzitundike juu ya masikio kidogo, pembeni, si kisogoni."

"Zitatosha?"

"Inategemea. Mnakaa wangapi?"

"Mmoja."

Mama Tekla akamtazama. "Mmoja si ununue zile za kuvaa masikioni, baba? Ni rahisi zaidi."

"Nataka kusikia kama kuna mtu nyuma," kijana akasema.

Mama Tekla hakucheka. Akamfungia zile ndogo, na waya akamkatia mrefu kuliko aliolipia.

Kijana akapigilia misumari miwili kwenye ukuta wa nyuma, akazitundika. Sasa, mnazijua filamu zetu za kutafsiriwa. Mtafsiri hapendi kimya. Mzungu akigonga mlango bila neno, mtafsiri anamsaidia adabu: "Hodi, hodi wenyewe." Na kwa jinsi kijana alivyounga zile nyaya, sauti ya mtafsiri ikawa inatokea nyuma, upande uleule wa mlango.

Jioni ya kwanza ikasikika hodi. Kijana akaruka, "Karibu, karibu ndani," akafika mlangoni mkono mmoja uko ndani ya shati. Nje palikuwa na kuku tu. Akarudi. Ikaja hodi nyingine. Akainuka tena, safari hii polepole, kama mtu anayekwenda kutema mate. Kuku yuleyule.

Akawakaribisha kuku mpaka wakamzoea. Mwishowe akaona haya, akajiapiza kwamba haitikii tena. Siku zikaenda. Akipika cha mmoja, kinabaki. Filamu ikikaribia kwisha, anapunguza sauti, anangoja kidogo, kisha anaipandisha tena. Hakuna aliyemwambia muuaji ni nani.

"Kaka," Hasnati akanikatiza, "kama alikuwa peke yake, wewe uliyaonaje hayo?"

"Msimulizi hahojiwi," nikamwambia. "Mwalimu wenu wa historia hakuwepo kwenye vita vya Majimaji, na bado mnanakili anachosema."

Nilimwona hajaridhika.

Basi Jumapili moja alasiri mvua ilikuwa inanyesha, nje na ndani ya filamu. Kijana yuko kitini. Nyuma yake ikasikika, "Hodi." Hakuinuka. Ikasikika tena, "Hodi humu ndani." Akatabasamu. Moyoni akasema, spika hizi ni ndogo lakini zina maajabu, zinatoa mpaka sauti ya Limbende. Akachukua rimoti akaongeza sauti, aifaidi vizuri. Ikaja ya tatu. Baada ya hapo ikabaki mvua.

Na nyinyi mmefunzwa kwenu: hodi ni tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hung'ang'anii mlango wa watu.

Filamu ilipokwisha, mama mmoja jirani akausukuma mlango. Mkononi alikuwa na mfuko uliolowa.

"Limbende kakuachia korosho," akasema. "Kazikaanga mwenyewe. Alikuja kukuaga. Anakwenda Tunduru, mjomba wake kamtafutia kazi, na gari lake ndilo lile lililopiga honi sasa hivi. Anasema alijua umo ndani, maana alipopiga hodi alisikia unaongeza sauti."

Kijana akakimbia na mvua mpaka stendi. Gari halikuwepo. Akamfungulia Limbende namba, akapiga. Upande wa pili yeye alikuwa bado amefungiwa. Akarudi, akakaa kitandani, pale nyuma, akatia korosho moja mdomoni. Chumba kizima kikasikika kutafuna, naye akageuka kutazama nani anatafuna.

"Mimi nilikuwa napita tu njia," nikawamalizia watoto. "Nikayaona, nikacheka, nikatunga methali. Imekwisha hiyo."

Hasnati aliinamia vidole vyake. Fikiri alikuwa anatazama ukuta ulio nyuma ya kitanda.

"Kaka Shaibu, hiyo misumari miwili ya kutundikia nini?"

"Kalenda."

"Kalenda mbili?"

Huko barazani korosho ziliacha kulia.

"Mwambie mtoto, Shaibu," Bi Somoe akasema, bila kupandisha sauti. "Kuku walikuwa wangu. Mfuko niliuleta mimi. Na hilo neno unaloliita methali lilinitoka mimi, wewe umekaa hapo kitandani unachuruzika maji, unaniambia ulidhani ni spika. Leo umelitunga, tena umeshiba."

Watoto wote wawili walikuwa wananitazama, na runinga ikaendelea kunong'ona pale pembeni, mpaka mtu fulani kwenye filamu akagonga mlango, na mtafsiri akamsemea, kwa sauti ndogo kama ya mtu aliye mbali, "Hodi, hodi wenyewe."

Nikainuka.

"Kaka, hiyo ni ya filamu," Fikiri akasema.

"Najua," nikamwambia, nikaenda mlangoni vilevile. Njia ilikuwa tupu mpaka kwenye kona ya kwendea stendi. Kuku mmoja akaja miguuni kwangu, akasimama, akangoja kukaribishwa.

Bi Somoe akasogeza ungo wake kunipa nafasi barazani.

"Hodi ya spika haina mgeni, mwanangu," akasema. "Kaa hapa, tubangue."