Matofali Mabichi ya Nyumba ya Wagonjwa

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, kando ya mto Furati, aliishi fundi wa kuchoma matofali aitwaye Suhaibu bin Wardani. Alikuwa mcha Mungu, na ucha Mungu wake haukuishia msikitini. Aliuingiza hata tanurini. Moto wake ulikuwa wa siku saba, haupungui kwa baridi wala kwa uhaba wa kuni. Tanuri likipoa, huchukua matofali mawili akayagonganisha karibu na sikio. Yakilia kama kengele, yameiva. Yakitoa sauti nzito ya kufifia, huyavunja palepale, kwani ndani bado ni udongo. Kila tofali lake lilikuwa na alama ya hilali ndogo, mwezi mchanga, na waashi wakiiona hilali ile hawakuuliza zaidi.

Mwaka mmoja Mola akamjaalia kwenda kuhiji. Akamwachia tanuri mdogo wake, Nufaili, akamwambia, "Sikuachii kazi tu, mdogo wangu. Nakuachia amana."

Alipokuwa safarini, Amiri wa mji akaamuru ijengwe nyumba ya kuwatibia wagonjwa maskini. Jambo la kheri lililoje! Lakini Amiri alitaka imalizike kabla ya kuwasili mjumbe wa Khalifa, ili asifiwe. Basi ikajengwa mbiombio, na uso wake ukapambwa kwa vigae vya buluu vilivyong'aa hata watu wa ng'ambo ya mto wakaviona. Mjumbe akaja, akasifu, akaenda zake. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha siku tatu, na ukuta wa nyuma ukaporomoka mchana kweupe. Ulimfunika mchota maji mmoja jina lake Maisara, aliyekuwa amelazwa humo kwa kupooza miguu, akafa. Wagonjwa wenzake walikimbia. Yeye angekimbiaje?

Amiri akaghadhibika, au akajionyesha ameghadhibika. Akamtia gerezani mwashi mkuu, Zurara, na ikatangazwa kwamba baada ya sala ya Ijumaa atachapwa viboko hadharani.

Suhaibu alirejea siku ya Alhamisi. Watu walimlaki kwa takbira, wakamshika mikono kutafuta baraka, naye aliposikia habari ile hata mzigo hakuutua. "Ni mwashi gani huyu asiyemwogopa Mungu?" akasema kwa hasira. Akaenda moja kwa moja kwenye kifusi. Akaokota matofali mawili, akayagonganisha. Hayakulia. Akalivunja moja: nje jekundu, ndani jeusi, nalo likamomonyoka kiganjani mwake kama tope. Akaligeuza la pili apate kumjua mwenye kulichoma, ili amwombee laana.

Akaiona hilali.

Waliokuwapo wamesema alikaa juu ya kifusi kile. Kisha akainuka, akamwendea Nufaili.

"Moto uliuwasha siku ngapi?"

Nufaili alijua kwamba hapana pa kujificha. "Tatu, kaka. Kuni zilikuwa adimu, na watu wa Amiri walikuwa mlangoni kila asubuhi wakidai matofali."

"Na Zurara hakuyaona?"

"Aliyaona. Aliyarudisha mara mbili. Msimamizi wa Amiri akamwambia, 'Jenga, ama tutamleta mwingine atakayejenga.'"

"Naye ndiye anayechapwa kesho!"

"Kaka, nisikilize," Nufaili akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyeuliza habari za matofali. Wewe ndiyo kwanza umetoka Makka, jina lako ni safi, watu wanakubusu mikono. Sikwambii useme uongo. Nyamaza tu."

Hapo Suhaibu akapandwa na ghadhabu ambayo nduguye hakupata kuiona tangu utoto wao. "Ninyamaze! Mtu amekufa chini ya hilali yangu, mwingine avuliwe nguo achapwe kwa kosa langu, nami nikae safu ya mbele nikiitwa Haji? Nilisimama Arafa nikalia mpaka ndevu zikalowa. Unadhani nilikuwa namlilia nani, watu wa mji huu? Mimi kesho nitasema. Wewe tazama mwenyewe utakavyokutana na Mola wako."

Ijumaa, imamu alipotoa salamu, Suhaibu akasimama na tofali mkononi.

"Enyi waumini," akasema, "mnangoja kuona mtu akichapwa. Basi mjueni anayestahili. Tofali hili limetoka katika ukuta uliomuua Maisara. Ni bichi, na alama yake ni yangu. Tanuri ni langu. Zurara aliyakataa matofali haya, akalazimishwa." Kisha akamgeukia Amiri pale alipoketi. "Nawe, ewe Amiri, una fungu lako. Ulitaka sifa ya mjumbe upesi kuliko moto unavyoweza kuivisha udongo. Mgonjwa ukampa tope alale chini yake, na vigae vya buluu ukawapa wapita njia!"

Walinzi wakamsogelea. Lakini sauti ikatoka safu za nyuma: "Mwacheni. Yeye alikuwa Hijja. Moto niliuzima mimi." Alikuwa Nufaili, uso wake umelowa machozi.

Amiri akatazama chini. Kisha akasema kwa sauti ambayo ni walio karibu tu walioisikia, "Mfungueni Zurara." Hakusema, "Nimekosa." Neno hilo ni zito sana katika vinywa vya wakubwa.

Mama yake Maisara, Bibi Khulaida, alikuwa miongoni mwa wanawake. Suhaibu alipotoka akamwendea, akainamisha kichwa, akaomba msamaha. Yule bibi akamtazama.

"Umesema kweli, na Mungu akulipe kwa kweli yako," akasema. "Lakini mwanangu hakufa kwa kukosa mtu wa kusema kweli baada ya mvua. Machozi yenu siyataki. Bomoeni nyumba ile yote, mjenge nyingine ambayo mtoto wa mwenzangu ataweza kulala humo salama."

Wakaibomoa yote, pamoja na uso wake wa buluu: Suhaibu, Nufaili, na Zurara ambaye hakuwa na wajibu wa kuinua hata jiwe. Moto ukawaka siku saba, kisha saba, kisha saba. Mwaka ulipozunguka nyumba ilisimama, haina pambo lolote, nao wagonjwa wakalazwa humo. Ama Bibi Khulaida, wapokezi wa kisa hiki wamehitilafiana. Wako wasemao alimsamehe Suhaibu, na wako wasemao alikufa hajalitamka neno hilo. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Ndugu zangu, nikisimulia kisa hiki moyo wangu huchemka, kwa sababu akina Nufaili tunao, na akina Amiri tunao, nasi tunawapisha safu ya mbele. Tunauliza mtu amehiji mara ngapi. Hatuulizi anachouza kimeiva au hakikuiva. Mola atupe ulimi wa Suhaibu tunapokosea, na atupe zaidi ya hapo: hofu itakayotuzuia kuuzima moto siku ya tatu, wakati ambapo hakuna anayetuona ila Yeye.