Hakimu Aliyeshuka Jukwaani

Wapo watu wanaodhani kwamba anayepiga goti mbele ya mzee amejishusha, na anayepita ameinua kichwa ndiye mwenye cheo. Wahenga hawakupoteza muda kubishana nao. Walisema tu kwamba heshima si utumwa, wakaendelea na shughuli zao. Mabula Masele alilisikia neno hilo tangu utotoni, ila liliingilia sikio hili likatokea lile.

Mabula alikuwa kijana wa Somanda, mjini Bariadi, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha sanaa za maonyesho. Alisomea uongozaji. Mwaka uliotangulia alianguka mtihani wa vitendo kwa sababu waigizaji wake waliwapungia ndugu zao mikono katikati ya msiba wa jukwaani. Chuo kilimpa nafasi ya pili na ya mwisho: aongoze mchezo mbele ya wanakijiji wa Mwamapalala, na akishindwa afunge virago. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mabula akaapa kwamba safari hii hakuna mwigizaji atakayewatazama watazamaji hata kwa jicho la pembeni.

"Kati yetu na wao kuna ukuta," aliwaambia kila siku mazoezini. "Hauonekani, lakini upo. Atakayeuvunja atanivunja mimi."

Mhusika mkuu alikuwa hakimu anayeamua kesi ya ng'ombe wa mahari. Nafasi hiyo aliipata Nyanjige, binti wa wafugaji wa Ipililo, mwenye sauti iliyosikika hata upepo ukivuma. Siku moja baada ya mazoezi alimfuata Mabula.

"Kaka, kule wazee watakaa mbele. Nikiwapita bila salamu watachukia. Niruhusu nipige goti kwanza, halafu ndiyo nianze kesi."

Mabula alicheka mpaka akashika mbavu. "Hakimu gani anapiga magoti? Mimi naunda mtu mwenye mamlaka, wewe unataka kumfanya mtumwa. Kasome maneno yako, dada."

Nyanjige akarudi kwenye maneno yake, maana mwongozaji ni mwongozaji.

Siku ya mtihani tela la trekta liliegeshwa kwenye uwanja wa mnada, likawa jukwaa. Watu walifurika. Wazee walikaa mbele kwenye vigoda vyao, na pembeni yao alikaa Mwalimu Valeria, mkufunzi wa uongozaji, na daftari lake la alama. Mabula alijibanza nyuma ya turubai, roho juu juu.

Alikuwa amepanga hakimu apite katikati ya watu kwa mikogo. Nyanjige akapita, joho jeusi likiburura vumbi. Alipofika mbele ya wazee, bibi mmoja, Lukresia, alimtangulia kwa salamu ya Kisukuma, akimwita mwanangu. Kwa kawaida mdogo ndiye huanza, na mkubwa akianza yeye, ujue anakukumbusha.

"Mwadila, ng'wanone."

Hakimu akapita.

"Mwadila," bibi alirudia kwa sauti zaidi.

Hakimu alipanda telani, shingo imenyooka kama alivyofundishwa.

"Mtoto wa nani huyu asiyeitikia wakubwa?" aliuliza mzee Machibya.

Akainuka, akageuza kigoda chake, akakaa akiupa mchezo mgongo. Wazee wote wakageuza vya kwao. Nyuma yao akina mama na vijana wakaanza kutawanyika, kwa kuwa hakuna awezaye kufurahia mchezo uliowadharau wazazi wake.

Mabula aliona chuo kikimponyoka. Kanuni za mtihani zilisema mchezo ukianza mwongozaji haingilii. Aliogopa, na aibu ikazidi hofu, maana alijua kwamba hata bibi yake mzaa mama angegeuza kigoda vilevile. Akatoka nyuma ya turubai, Mwalimu Valeria akimwona.

"Nyanjige, shuka ukawasalimie," alisema. "Nilikosea mimi."

Nyanjige hakungoja kuambiwa mara mbili. Alishuka na joho lake, akapiga goti vumbini, akasalimia kigoda kwa kigoda. Salamu za Kisukuma hazina haraka. Aliulizwa ukoo, akaulizwa wazazi, akaulizwa mvua za Ipililo na hali ya ng'ombe. Ilipita karibu robo saa, na Mabula aliihisi kila dakika kama mgonjwa anayengoja sindano.

Mwishowe Bibi Lukresia alimshika binti mkono, akamwinua. "Haya, kakae kwenye kiti chako, hakimu. Watu wana kesi."

Vigoda vikageuka, na waliotawanyika wakarudi. Nyanjige aliposema, "Kimya mahakamani," uwanja mzima ulinyamaza, hata wauza miwa. Mdai, aliyeigizwa na Danford, mwanafunzi aliyetoka mkoa mwingine, alipodai kwamba alitoa ng'ombe kumi na wawili, mzee Machibya alinyoosha mkono akaomba ruhusa ya mahakama aulize rangi zao. Hakimu akamruhusu. Danford alitaja rangi tatu, akakwama. Watu walicheka mpaka machozi, na Danford mwenyewe akacheka nao. Hukumu ilipotolewa, wazee walisimama kuipokea.

Baada ya mchezo Mwalimu Valeria alimwita Mabula, daftari limefungwa.

"Nani alikufundisha kumshusha hakimu?"

Mabula angeweza kujisifu. "Nyanjige, Mwalimu. Aliniambia mapema, nami nikamcheka."

"Nimewafundisha waigizaji miaka kumi na mmoja namna ya kuonekana wana mamlaka," alisema mwalimu. "Yule binti leo amepewa mamlaka na watu aliowapigia goti. Kanuni umeivunja, lakini mchezo umeuokoa. Umefaulu, Mabula. Ila ubunifu wa ile salamu nimeuandika kwa jina la Nyanjige."

Mabula akafurahi bila kinyongo, akaenda kumwomba Nyanjige radhi mbele ya darasa zima. Alimkuta amezungukwa na wazee, kila mmoja akimwita hakimu, na hakuna aliyekuwa akitania. Hakika, heshima si utumwa.