Matanga ya Punda wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kivumbani, alikuwako fukara mmoja aitwaye Vuai, hana kitu ila kibanda na kishamba cha mihogo nyuma yake. Asubuhi moja akaamka, akamkuta punda mweupe wa Sultani kalala katikati ya mihogo, tumbo limemvimba, amekufa kwa ulafi wake.

"Tumekwisha," akasema mkewe, Mize.

"Aliyekwisha ni huyu mmoja," akajibu Vuai.

Basi akaenda kutoa habari. Sultani alimpenda punda yule kupita mawaziri wake, akaghadhibika. "Ewe Vuai, huyo hakuwa mnyama, alikuwa mtu wa nyumbani kwangu! Kwako amefia, nawe utamzika kama wazikwavyo watu wa nyumbani kwangu. Ukipunguza jambo moja, kibanda na shamba si vyako tena."

"Sitapunguza, maulana."

Akatoka, akapita mitaani akipiga mbiu: "Sultani kafiwa! Kafiwa na mtu wa nyumbani kwake!" Ikawa kabla ya adhuhuri ua wa jumba umejaa. Wanaume wametandika mikeka, wanawake wameingia jikoni, wamechota mchele wa Sultani na vyungu viko motoni. Maana matanga hukaliwa kwa mfiwa, na mfiwa ndiye alishaye, siku tatu.

Sultani akatoka, ameduwaa. Kikongwe mmoja akamshika mkono. "Pole, baba. Alikuwa mtu mwema mno. Ni nani hasa?"

"Mleteni Vuai!"

"Labeka, maulana. Yote nimetimiza, limebaki moja. Watu wa nyumbani kwako huzikwa ubavuni mwa marehemu babu yako. Wachimbaji wako huko na majembe, wanangoja neno lako."

Sultani akautazama umati, uso ukamshuka.

"Asizikwe huko! Ni punda!"

"Nani, baba?" akauliza kikongwe.

"Punda! Punda tu, kama punda wengine! Vuai, kamfukie utakapo, na kibanda chako baki nacho."

Vuai akainama. "Kama ni punda tu, maulana, basi amekula mihogo yangu."

Sultani akajizuia, akashindwa, akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaamuru Vuai apewe magunia mawili ya mchele, na punda wa kuyabeba.

"Mchele napokea," akasema Vuai, akijitwika gunia la kwanza. "Punda mwache, maulana. Huyu naye akifa, na afie kwako."

Na waliokuja kuhani hawakuondoka hata wakaumaliza wali, kwani ulikuwa umekwisha kuiva.