Mwiko wa Bi Mwanakombo

"Mwiko usiopokezwa hulaza mji na njaa." Mmenisikia nikimwambia hivyo mama yenu alipowafukuza jikoni, nanyi mmeniuliza neno hilo limetoka wapi. Haya, kaeni. Chanzo chake ni hiki.

Zamani hapa kwetu wapishi wa shughuli walikuwa wengi, lakini walikufa mmoja mmoja mpaka akabaki Bi Mwanakombo peke yake. Mtu akichumbia, hakuulizwa harusi ni lini. Aliulizwa Bi Mwanakombo ana nafasi lini. Bwana mmoja alingoja zamu yake hata wenzake wakamtania kwamba ataoa akiwa na mkongojo.

Si kwamba Bi Mwanakombo alikosa wasaidizi. Wasichana walikuwepo, na hodari wao alikuwa Kibibi, binti wa jirani. Walimenya vitunguu, wakachagua mchele, wakachochea kuni. Ila ukifika wakati wa kutia viungo na maji, Bi Mwanakombo alisema neno moja tu: "Migongo." Wote wakageuka, wakatazama ukuta. Ndivyo naye alivyofunzwa, kwamba sufuria ya shughuli ikitazamwa na macho mengi huingiwa na husuda. Miaka ikapita, Kibibi akaujua ule ukuta kila ufa, na pilau asiijue.

Siku ya harusi moja, wageni wa bwana harusi walikuwa wamekwisha kufika kutoka Pangani, wamekaa mikekani. Uani kulikuwa na sufuria mbili za pilau. Bi Mwanakombo alipofunua ya kwanza, mvuke ukamchoma mkono wa kulia, ukavimba pale pale. Akaushika mwiko kwa mkono wa kushoto, wasichana wamempa migongo kama kawaida, lakini mkono ule haukuufikisha mwiko kitakoni mwa sufuria. Harufu ya kuungua ikatangulia mpaka barazani.

Mama wa biharusi akaja mlangoni. Alikuwa mjane, na harusi ile alichangiwa na mtaa mzima. Hakulaumu. Alisema tu, "Dada yangu, nitawaambia nini wale?" Akakaa chini kwenye kizingiti.

Bi Mwanakombo akaitazama sufuria ya pili, iliyokuwa bado kutiwa kitu. Akawatazama wasichana wake, wamesimama kwa adabu mbele ya ukuta.

"Kibibi," akaita. "Geuka."

Kibibi hakugeuka. Alidhani anajaribiwa.

"Geuka, mwanangu. Shika mwiko."

"Na husuda je, Bi?"

"Husuda sijaiona ikiunguza pilau. Iliyoungua ile, nimeiunguza mimi kwa kukufundisha ukuta."

Basi Kibibi akashika mwiko. Bi Mwanakombo akasimama nyuma yake akimwelekeza, vitunguu viive hata rangi gani, bizari itangulie nini, maji yapande mpaka wapi kwenye mpini wa mwiko. Wasichana wengine nao wakageuka bila kuambiwa, naye hakuwakataza. Mkaa ukapangwa juu ya kifuniko, wote wakangoja.

Wageni walikula. Sahani zilijazwa kidogo kidogo ili zitoshe, zikatosha.

Tangu siku hiyo Bi Mwanakombo hakusema tena "Migongo." Aliyetaka kujifunza alikwenda uani kwake, akafundishwa uso kwa uso, na hakuitwa mpishi mpaka apike shughuli nzima mwenyewe, mwalimu amekaa pembeni na mikono mapajani. Akihitimu, alipewa mwiko wake na kuambiwa maneno yale mliyoyasikia kwangu. Kibibi alifundisha wengi, na hao wakafundisha wengine. Leo mkitaka mpishi, mnapiga hodi nyumba yoyote mtaani.

Mnauliza nimejuaje yote haya? Biharusi nilikuwa mimi, na ya uani alinisimulia mama yangu. Nililetewa sahani yangu chumbani. Chumvi ilizidi kidogo, nami mpaka leo sijala pilau tamu kama ile, na kila nikisali huwaombea dua aliyeupokeza ule mwiko na aliyeupokea.

Sasa nendeni jikoni. Nimemsikia mama yenu akiwaita, na safari hii si kuwafukuza. Mwiko usiopokezwa hulaza mji na njaa.