Shimo Lisilo na Tawi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa shimo. Nani kalichimba?"

"Si mimi!"

"Haya, sogeeni tumtafute."

Porini kulikuwa na sheria: ukichimba shimo njiani, simika tawi la miba wapitao walione. Usiposimika na mwenzio akaumia, utamlisha mpaka apone.

Fisi aliijua sheria hiyo. Siku moja akachimba njiani akitafuta mifupa. Chimba, chimba, chimba, hakupata kitu. Tawi akaona uvivu kulikata, akaenda zake kulala.

Alfajiri Digidigi akashika njia kwenda mtoni. Puu! Akatumbukia. Mguu, ko! Akalia kwa uchungu. Mara juu yake ukatokea mdomo, udenda unadondoka to, to, to.

"Shikamoo, mjomba Fisi."

"Marahaba, kitoweo."

Digidigi aliogopa mno. Lakini sikio lake lililogusa udongo lilisikia ti, ti, ti. Wanyama walikuwa wanakuja kunywa maji, mbele yao Nyati, mwamuzi wao. Bado walikuwa mbali. Ilibidi avute muda.

"Mjomba, kuliwa nimekubali. Lakini Chui anasema shimo hili ni lake. Nisije nikaliwa na asiyehusika."

"Chui muongo! Nimelichimba mimi, kwa kucha zangu hizi!"

Ti, ti, ti.

"Ulijua tunapita hapa?"

"Nani asiyejua? Kila siku mnapita!" Fisi akashusha mguu mmoja shimoni.

"Chui anasema aliweka tawi."

"Tawi liko wapi? Mimi mwenye shimo sikuweka, aweke yeye?" Akashusha mguu wa pili.

Digidigi akajibana ukutani. Pumzi ya Fisi ilimpiga usoni.

"Na mguu wangu? Chui anasema ulivunjika jana, kwake."

"Umevunjika humu humu! Mlio wake ndio ulioniamsha! Shimo langu, mguu wangu, nyama yangu!"

"Umesikia, mzee Nyati?"

Fisi akageuka. Nyati alikuwa amesimama nyuma yake, na wanyama wote wametega masikio.

"Sikumsukuma!" Fisi akabwata.

"Hakuna aliyesema umemsukuma," Nyati akajibu. "Mlishe."

Basi Fisi, mla nyama, akawa anachuma majani mororo asubuhi na jioni. Mguu wa Digidigi ulipona mwezi wa pili. Mwezi wa sita bado alikuwa anachechemea, hasa akimwona Fisi anakuja.

Ngano yangu imekomea hapa. Ikiwanogea, ni yenu. Ikiwachoma, ni ya Fisi. Na funzo lake, wanangu, ni hili: kosa lote ni la Digidigi. Angelala nyumbani, shimo lingemvunja nani?