Ncha ya Sikio la Marijani

Hapo zamani, wakati punda walipokuwa ndio magari ya watu, palikuwa na Liwali mmoja katika mji wa Kizimbwe, jina lake Liwali Nasibu, na kazi yake ilikuwa kukodisha punda. Alikuwa mtu wa huruma sana. Kodi yake ilikuwa pesa mbili tu kwa siku, na watu walimwombea dua. Lakini huruma hiyo ilitoka na punda asubuhi, na jioni haikurudi naye.

Kwani jioni, pale langoni, alikaa Karani Mbarouk na daftari lake. Asubuhi karani huyu hakumtazama punda hata kidogo. Macho yake yalikuwa yakipumzika. Jioni yalifunguka, akaona kila kitu. Punda ana vumbi: pesa nne. Punda alitoka ameshiba, amerudi na njaa: pesa sita za nyasi za Liwali, maana nyasi za kwingine zilisemekana hazishibishi. Tena palikuwa na hirizi ya kinga. Aliyeinunua hakudaiwa chochote punda akiumia, isipokuwa akiumia masikio, mkia, kwato, meno au tumbo.

Basi siku moja Bi Mwanahawa, mjane aliyeishi kwa kuwasagia watu unga, alimkodi punda aitwaye Marijani ili abebe gunia la mtama. Aliporudi, Karani akapiga kelele: "Ncha ya sikio la kushoto haipo!"

"Mwanangu, haikuwapo tangu asubuhi."

"Asubuhi sikutazama, mama. Basi ilikuwapo."

Ikawa shauri limefika barazani. Liwali akahukumu kwa upole wake wote: "Bibi huyu airudishe ncha ya sikio, ikiwa hai na imeshikamana na punda wangu, kabla ya baraza la Ijumaa kwisha. Akishindwa, jiwe lake la kusagia ni langu."

Bi Mwanahawa akalia, maana bila jiwe lile hana chakula. Kilio chake kikasikiwa na jirani yake Mwinchande, fukara aliyevaa gunia. Huyu aliwahi kuwa na kanzu moja, lakini mwaka uliopita alimkodi Marijani, na kanzu ikaenda kulipia ncha ya sikio lile lile.

"Nyamaza, bibi," akasema. "Sikio hilo nalifahamu. Tulishakutana."

Akauzunguka mji, nyumba kwa nyumba, akiuliza swali moja tu: "Wewe ulimlipa Liwali kwa ajili ya nini?"

Ijumaa baraza likajaa, na Mwinchande akasimama badala ya Bi Mwanahawa. Liwali akasema, "Ewe Mwinchande, umeileta ncha ya sikio?"

"Nimewaleta wenye nayo, Bwana wangu. Lakini kwanza nifunze, maana mimi ni mjinga. Mpiga mbiu wako husemaje sokoni?"

"Aliyelipa bei ya kitu, kitu ni chake. Hiyo ndiyo sheria, na ni mimi niliyeitunga."

"Mungu akuzidishie akili. Marijani na aletwe."

Punda akaletwa. Mwinchande akawageukia watu, akasema, "Jamani, kila mtu akashike alicholipia."

Mwashi akashika mkia. Muuza mkaa akashika kwato za mbele, mkewe za nyuma. Msusi akashika taya, kwa kuwa alilipia meno yote. Tumbo likakumbatiwa na watu wanne. Penye sikio la kushoto pakawa na vurugu, maana walikuwa kumi na mmoja, wakigombania sehemu ambayo haipo.

"We, usinisukume! Nililipa kabla yako!"

"Ulilipa kuku! Mimi nilitoa mbuzi!"

Liwali akasimama, asimwone punda wake kwa wingi wa watu. "Na mimi nimebakiwa na nini?"

Karani Mbarouk akalipekua daftari mwanzo hadi mwisho, jasho likimtoka. "Mlio, Bwana. Mlio haujalipiwa na mtu."

Hapo Marijani, aliyechoka kushikwashikwa, akalia kwa nguvu zake zote.

"Huo ni wako, Bwana, uchukue," akasema Mwinchande kwa adabu. "Ila umekaa ndani ya punda wetu miaka mitatu, tangu kiungo cha kwanza kilipolipiwa. Kodi yetu ni nafuu sana, pesa mbili tu kwa siku. Mambo ya vumbi tutayatazama jioni."

Baraza zima likaangua kicheko. Liwali naye akacheka, kicheko cha mtu anayeng'olewa jino mbele ya wageni, kwani ama aivunje sheria yake mwenyewe, ama aondoke na mlio wake. Basi akaamuru jiwe libaki kwa Bi Mwanahawa, Marijani awe mali ya hao waliomlipia, na Mwinchande arudishiwe kanzu yake.

Kanzu ikaletwa. Mwinchande hakuivaa. Akaitandaza juani, akaikagua mshono kwa mshono, kisha akamwita Karani Mbarouk.

"Andika, ndugu yangu, kabla sijaipokea: kwapani imetoboka."

Nami hekaya hii nimekukodisha bure. Ukimaliza, irudishe na masikio yake.