Nakiete na Kenge wa Shimo la Udongo

— Paukwa!

— Pakawa.

— Pakawa mama, pakawa mwana, pakawa shimo la udongo. Mliosogea motoni kaeni vizuri. Mnaotaka kucheka nendeni kwa jirani, maana ngano ya leo haina kicheko.

Hapo zamani za kale, huko milimani, palikuwa na wanawake wafinyanzi. Udongo wao ulitoka shimo moja tu, na shimo hilo lilikuwa na mila yake. Ukishachimba, unamega donge dogo, unaligusisha midomoni, unalirudisha shimoni na kusema, "Nimepokea." Basi. Hakuna kuchinja, hakuna kumwaga pombe. Donge moja na neno moja, kila siku.

Nakiete alikuwa mmoja wao, na kwa vyungu hakuwa na mpinzani. Kisha mumewe akaugua siku nne, akafa. Nakiete akabaki na mbuzi mmoja na binti mmoja, Namkunda.

Matanga yalipoisha alirudi shimoni pamoja na mwanawe. Akachimba, akajaza tenga, akajitwika.

"Mama, hujarudisha donge," Namkunda alimwambia.

"Nishukuru nini?" Nakiete akajibu. "Baba yako yuko wapi?"

 

Ndipo Kenge akatoa kichwa shimoni. Alikuwa mzee mno, na shimo lilikuwa lake tangu kabla ya wafinyanzi.

"Mama Namkunda, umepokea?"

"Nimechimba mwenyewe."

"Haya. Kisichopokelewa hakina mwenyewe."

Nakiete akaenda zake. Akafinyanga, akaanika, akachoma. Vyungu vyote vikapasuka motoni, hata kimoja hakikupona. Nakiete akasema, "Ndiyo kawaida ya mwaka huu."

Siku zikaenda. Asubuhi uji ulikuja mkononi, akanywa. Maji yalikuja mlangoni, akaoga. Macho yake yalikuwa ukutani, mahali mumewe alipozoea kutundika jembe. Alikuwa na huzuni jamani, msimcheke. Huzuni ile ilimjaa mpaka pasibaki nafasi ya mtu mwingine.

Akarudi shimoni mara ya pili.

"Mama Namkunda, umepokea?"

"Nimechimba mwenyewe."

"Haya. Kisichopokelewa hakina mwenyewe."

Siku hiyo mbuzi akakata kamba, akaingia porini, asionekane tena. Nakiete akasema, "Mbuzi ni nini kwa aliyefiwa na mume?"

Akarudi mara ya tatu, peke yake.

"Mama Namkunda, umepokea?"

"Wewe mnyama, hunielewi? Nimechimba mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

 Kenge alimtazama kama anayemwonea huruma. "Haya," akasema. "Kisichopokelewa hakina mwenyewe."

Nakiete akafika nyumbani. Moto ulikuwa umezimika. Akaita, "Namkunda!" Kimya. Akaita mtoni, akaita mgombani, kimya. Kisha akaona nyayo za mwanawe njiani. Akazifuata mbio mpaka shimoni. Nyayo ziliingia. Za kutoka hazikuwapo.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Nilimkuta hana mwenyewe," Kenge akasema. "Nimemwokota."

"Huyo ni wangu. Nilimzaa mimi."

"Kuzaa ulizaa. Nionyeshe ulipompokea. Leo asubuhi alikupa uji. Uji wa nini?"

Nakiete akafikiri. Uji alikuwa ameunywa mpaka akakomba kibakuli. "Wa mtama," akabahatisha.

"Wa ndizi. Mtama kwenu uliisha zamani. Haya, alipokuletea maji alikuambia neno. Neno gani?"

Nakiete akajaribu kuikumbuka sauti. Alichokipata ni midomo ya mtoto ikicheza tu. "Sijui."

"Alikuambia mguu unamuuma."

Nakiete akakaa chini pale ukingoni, akalia. Hakumlilia marehemu sasa.

"Nitakuuliza mara ya mwisho," Kenge akasema. "Nitajie lolote ulilolipokea kwake tangu matanga. Lolote."

Jua likapanda mpaka utosini. Nakiete akapekua siku zote zile moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa ukuta mtupu. Mwishowe akasema, polepole, "Nikipuliza moto asubuhi, moshi ukinitoa machozi, hunifuta kwa pindo la kanga yake. Lina unyevu wa mtungi. Huanza jicho la kushoto."

"Hilo ulilipokea," Kenge akasema. "Hilo nakurudishia."

"Na mwanangu?"

"Nimekwambia, hilo."

Akazama shimoni. Nakiete alichimba mpaka kucha zikang'oka, akatoa udongo tu.

Kesho yake asubuhi aliinama kupuliza moto. Moshi ukamwingia. Pindo lenye unyevu likamgusa jicho la kushoto, kisha la kulia. Akageuka haraka. Hapakuwa na mtu.

Aliishi miaka mingi, akazeeka. Alishukuru kwa uji, akashukuru kwa maji, akashukuru kwa jirani aliyempungia mkono kutoka mbali. Wapitanjia walimwona kama aliyerukwa na akili. Na kila asubuhi, mbele ya moto wake, alifutwa machozi, akasema, "Nimepokea, mwanangu." Hakuna aliyemwitikia.

Ngano yangu inazimikia hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni mimi, nimeizoea. Funzo lake ni hili: shukrani ya kila siku ndiyo inayomfanya mtu akione alicho nacho kingali chake. Asiyeshukuru hukaa na watu wake asiwaone, kama Nakiete na ukuta wake.

Na wewe unayetafuna hindi hapo, usinitazame mimi. Mtazame aliyekuchomea, kabla hajainuka kwenda kulala.